Waya wa Banda la Kuku: Tazama Tundu Kabla ya Bei

Mwezi huu tunazungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakinunua haraka haraka sokoni bila kukigeuza mkononi: waya wa kufungia banda la ndege.

Mtu atasema, waya ni waya, kuna nini cha kuandika? Kipo. Kuku wa hapa Dzaleka si pambo la nyumba. Mtetea mmoja ni daftari za mtoto. Ni nauli ya kwenda hospitali ya Dowa mgonjwa akizidiwa. Ni mboga siku mgeni anapofika bila taarifa. Ukifuga kuku 6 ukaamka asubuhi ukakuta manyoya na damu, hujapoteza kuku tu, umepoteza akiba ya miezi mingi kwa usiku mmoja.

Halafu kuna jambo la nafasi. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994, ikakusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Nyumba zimegusana, jiko la huyu liko dirishani kwa yule. Kuku akizurura anakula mahindi ya jirani yaliyoanikwa, na maneno yanaanza. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Siku hizi badala ya kamba tunajenga banda. Basi tulijenge vizuri, ili ndege wakae ndani na maadui wakae nje.

NANI ANATAKA KUINGIA?

Kabla ya kwenda sokoni, kaa chini na familia mjiulize swali moja: ndege wetu wanaliwa na nani? Jibu la swali hili ndilo linalochagua waya, wala si mfuko peke yake.

Mchana adui mkubwa ni mwewe. Yeye anatoka juu, anachukua kifaranga na kwenda zake. Kumzuia si kazi ngumu, hata wavu wenye matundu makubwa unatosha kama umefunikwa juu.

Usiku wanakuja wengine. Paka anaingiza mkono kwenye tundu na kumvuta kifaranga aliyelala karibu na waya. Mbwa anasukuma, anararua kwa meno na kuchimba chini. Nguchiro na kanu, wale wanyama wembamba wenye mkia mrefu, wanapenya mahali ambapo huwezi kuamini. Panya anakula mayai na vifaranga wachanga, na nyoka anamfuata panya, naye akikuta mayai haachi. Shomoro hali kuku, lakini anaingia kula chakula chao na anaweza kuwaletea utitiri na magonjwa.

Utaona kwamba maadui hawa hawana ukubwa mmoja. Waya unaomzuia mbwa unaweza kumwacha panya apite. Tulipopita kwenye mabanda ya jirani zetu, mama mmoja alitueleza kwa lugha yetu ya nyumbani: "Niliweka waya mupya kabisa, lakini kuku zilikwisha. Kumbe hii waya inazuia kuku kutoka, haizuie mwizi kuingia." Maneno ya mama huyo yanatosha kuwa somo zima.

TUNDU: PIMA KWA BETRI

Waya unaouzwa sana ni ule wa matundu ya pembe sita, uliosokotwa, ambao wote tunauita waya wa kuku. Matundu yake huwa ya inchi 2, inchi 1, au nusu inchi. Wa inchi 2 ndio wa bei nafuu, ndiyo maana umejaa kila mahali. Lakini kifaranga wa siku chache anapita kwenye tundu hilo kama mlangoni. Panya naye anapita bila wasiwasi, na kwa kuwa waya ni laini, mnyama mwenye nguvu analipanua tundu likazidi kuwa kubwa.

Tundu la inchi 1, yaani karibu milimita 25, linamzuia kuku mkubwa, njiwa, paka na mwewe. Panya bado anapenya, nyoka mwembamba pia, na kifaranga anapitisha kichwa akakwama.

Tundu la nusu inchi, karibu milimita 13, ndilo tunalowashauri kwa sehemu ndege wanapolala. Panya mkubwa hapiti. Shomoro hapiti. Mkono wa paka hauingii. Nyoka mkubwa hapiti. Wanaobaki ni panya mdogo wa nyumbani, watoto wa panya na nyoka wembamba. Ukitaka kuwazuia na hao, tafuta tundu la robo inchi, milimita 6, uliweke kwenye kasha la vifaranga na mahali pa kuhifadhia chakula.

Huna rula? Nenda sokoni na betri mbili. Betri kubwa ya redio, ile nene, ina upana wa zaidi ya sentimita 3. Ikipita kwenye tundu, waya huo haufai kwa banda la kulala, labda kwa uzio wa mchana wa kuku wakubwa. Sasa chukua betri nyembamba, ile ndogo ya tochi na saa ya ukutani. Upana wake ni karibu milimita 14. Kama hiyo nayo inapita, panya atapita. Kama inakataa, hapo umepata waya wa kulalia. Muuzaji akikucheka na betri zako mkononi, mwache acheke.

UNENE: USINUNUE UZI

Tundu zuri kwenye waya mwembamba ni kazi bure. Madukani unene wa waya unahesabiwa kwa geji, na hesabu hiyo inakwenda kinyume na tunavyofikiri: namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba. Geji 16 ni waya wa karibu milimita 1.6. Geji 19 ni karibu milimita 1. Geji 22 ni karibu milimita 0.7 tu. Mtu asiyejua anaweza kulipa zaidi kwa "namba kubwa" akidhani amepata kilicho imara.

Waya wa kuku wa pembe sita mara nyingi ni mwembamba. Mbwa mwenye njaa anaurarua. Tena umesokotwa: uzi mmoja ukikatika, ule wa pili unalegea, na tundu linakua. Waya wa miraba uliochomelewa kila makutano ni mgumu zaidi, kwa sababu kila kijiti kimeshikwa mahali pake. Kwa banda la usiku, waya wa miraba wa nusu inchi, geji 19, unatosha familia nyingi. Mahali penye mbwa wengi, tafuta geji 16.

Jaribu hivi kabla ya kulipa. Shika kijiti kimoja pembeni, ukikunje mbele na nyuma mara 3 au 4. Kikikatika upesi, acha. Kisha vuta vijiti viwili vilivyochomelewa kwa kucha. Vikiachana, ujue hata nguchiro ataviachanisha.

ZINKI, KUTU NA RANGI

Waya mzuri wa chuma hupakwa zinki ili usishike kutu. Kuna uliopakwa kabla ya kuchomelewa, na kuna uliochovywa kwenye zinki baada ya kuchomelewa. Wa kwanza unaanza kuoza kwenye makutano, kwa sababu moto wa kuchomelea umeunguza zinki pale. Wa pili unadumu zaidi mvua za Novemba hadi Aprili zikiupiga. Utautambua kwa kuwa makutano yake yamefunikwa vizuri, wakati mwingine na matone magumu yanayong'aa.

Sasa hayo matone ndiyo tunayotaka myaangalie. Zinki ikiingia tumboni mwa ndege kwa wingi ni sumu. Kasuku na ndege wa jamii yake wanaopanda waya kwa mdomo ndio wanaoumia zaidi, lakini hata kuku na bata huokota chochote kinachong'aa chini. Ndege aliyemeza zinki ananyong'onyea, anakonda, miguu inalegea, kinyesi kinakuwa cha majimaji. Dalili hizo zinafanana na za magonjwa mengine, pamoja na kideri, ambacho wenyeji wetu Wamalawi wanakiita chitopa. Kwa hiyo usijifanye daktari, mwite mlangizi wa mifugo.

Kinga yake ni rahisi. Tandaza waya mpya juu ya gunia, mbali na ndege. Usugue pande zote mbili kwa brashi ngumu iliyochovywa kwenye maji yenye siki kidogo. Matone na unga mweupe vitatoka. Suuza kwa maji safi, anika juani siku moja au mbili, kisha kusanya takataka zote za kwenye gunia uzifukie mbali. Kazi ya nusu saa tu.

Je, waya wenye kutu? Kutu si sumu kama zinki, lakini waya uliooza unakatika na kuacha ncha zinazochoma. Ukikunja ukasikia unavunjika kama kijiti kikavu, usiufunge. Na rangi ya zamani ya mafuta inayobanduka, iwe kwenye waya, bati au mlango wa gari bovu, iogopeni. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na risasi, na risasi inadhuru ndege, inadhuru pia watoto wanaochezea hapo. Vipande vya betri za gari visikaribie banda kabisa. Waya uliovikwa plastiki ni mzuri kama plastiki imeshika. Ikishaanza kumenyuka, kuku wataidonoa.

VITU VISIVYOFAA

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, maana tunajua hali ya mifuko yetu. Mtu akikosa pesa ya waya anatazama kilichopo nyumbani.

Kwanza, chandarua. Tumeona banda limefungwa kwa chandarua kipya, kile cha dawa, kilichogawiwa kwa ajili ya watoto. Tunaelewa ni kwa nini mtu anafanya hivyo. Lakini fikirini wote wawili, kuku na mtoto. Kwa kuku, chandarua si kinga, paka anakipasua kwa kucha moja na panya anakitoboa kwa dakika chache. Kwa mtoto, chandarua ndicho kinachosimama kati yake na mbu wa malaria usiku kucha. Mtoto wa chini ya miaka 5 na mama mjamzito ndio malaria inaowaumiza zaidi. Tukitoa chandarua kitandani tukakiweka bandani, tumebaki bila mtoto mwenye kinga na bila kuku mwenye kinga. Hata kiwe cha ziada, kiwekeni akiba au mpeni jirani asiye nacho. Kile kilichochakaa kabisa, chenye matundu yasiyoshoneka, na kimekwisha kupata mbadala, kinaweza kuning'inizwa ndani ya waya kupunguza mbu, kwani mbu pia hueneza ndui ya kuku. Lakini kiwe nyongeza ya waya, kisichukue nafasi yake.

Pili, nyavu za samaki. Zile nyembamba za nailoni ni mtego. Kuku au njiwa akinasa kidole, anavuta, uzi unakaza, damu inakatika, na kidole kinakufa. Vifaranga wananaswa shingo. Kama unao wavu wa uzi mnene, utumie juu tu kwa ajili ya mwewe, uvutwe ukaze kama ngoma, usining'inie hata kidogo.

Tatu, waya wa matairi. Kuna vijana wanaochoma matairi ili wapate waya wa ndani. Moshi ule ni mbaya kwa mapafu ya mtaa mzima. Waya wenyewe una ncha kali na unashika kutu upesi.

Nne, wavu wa plastiki na ule wa dirishani wa kuzuia mbu. Panya wanautafuna. Unafaa kwa kivuli tu.

Tano, shitingi na magunia. Ni vizuri kwa kukinga mvua na upepo wa baridi wa Juni na Julai. Lakini ukizungushia banda lote shitingi, hewa haipiti. Harufu kali ya kinyesi cha ndege inapanda, macho yao yanatoka machozi, na mafua yanaanza. Tena shitingi iliyo karibu na jiko ni moto unaosubiri cheche.

WAYA KIDOGO, MAHALI PAKE

Sasa tunafika kwenye hesabu, na hapa ndipo penye faraja. Waya mzuri ni ghali, kweli. Lakini nani amesema banda zima liwe la waya?

Chukua banda la kulala la urefu wa mita 1.5, upana mita 1 na kimo mita 1.2. Ukizungushia waya pande zote 4, unahitaji mita za mraba 6. Ndiyo maana watu wanakimbilia ule wa bei rahisi wa inchi 2. Lakini jenga kuta kwa matofali ya udongo, uzisiribe vizuri, halafu uache madirisha mawili marefu juu, moja kila upande wa urefu, kila moja sentimita 90 kwa 20. Hewa inaingia huku na kutokea kule, juu ya vichwa vya kuku, bila kuwapiga baridi.

Waya mwingi huuzwa kwa mita kutoka kwenye roli. Roli likiwa na upana wa sentimita 90, nunua mita 1 tu. Ikate iwe vipande 3, kila kimoja sentimita 100 kwa 30. Viwili ni vya madirisha, vikizidi tundu la dirisha kwa sentimita 5 kila upande ili upate mahali pa kupigilia. Cha tatu ni cha mlangoni chini, pale wachimbaji wanapopenda. Umetumia chini ya mita 1 ya mraba badala ya 6, na umeweza kununua ule wa nusu inchi wa miraba. Matofali tunayafyatua wenyewe.

Ukuta wa udongo una faida nyingine: mwizi wa miguu miwili haoni kuku wangapi wako ndani.

Anayepanda juu ya nguzo, kama khola za Wamalawi jirani zetu, anafanya vizuri pia. Wao wanainua banda juu ya ardhi, sakafu ya fito, kinyesi kinaanguka chini na kuwa mbolea. Ukitaka sakafu ya waya badala ya fito, matundu yasizidi nusu inchi, na waya uwe mnene, maana mwembamba unakata nyayo. Kidonda kidogo cha unyayo kinavimba, kinajaa usaha, na kuku anaanza kuchechemea. Weka na kijiti kipana cha kulalia, ndege asilale amesimama juu ya waya usiku kucha.

KUFUNGA: HAPA NDIPO WENGI WANAPOSHINDWA

Waya mzuri uliofungwa vibaya ni mlango wazi. Nguchiro hahitaji kuukata, anatafuta pembe iliyolegea na kusukuma kwa pua.

Misumari iliyokunjwa inateleza. Tumia misumari ya umbo la U kama ipo. Kama haipo, okota vizibo vya chupa za soda, toboa katikati, na upigilie msumari kupitia kizibo. Kizibo kinakandamiza waya usichomoke. Piga kila baada ya sentimita 10. Juu yake ongeza ubao mwembamba au ufito, upigilie tena.

Ncha zote zilizokatwa zikunje kwenda nje kwa sentimita 2, ziwe mbali na macho ya ndege na mikono ya watoto. Vipande vilivyodondoka ni hatari: kuku anakimeza, kinakwenda kutoboa firigisi. Usitegemee macho peke yake. Toa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, ifunge kwa kamba, mpe mtoto mkubwa aizungushe mahali pote ulipofanyia kazi. Sumaku itaokota ambavyo jicho halikuviona, na mtoto ataufurahia mchezo.

Kwa uzio wa mchana, mbwa na nguchiro wanachimba. Badala ya kufukia waya chini sana, ulaze nje juu ya ardhi kwa upana wa sentimita 30 kutoka ukutani, uufunike kwa udongo na mawe. Mnyama anaanza kuchimba kwenye mguu wa ukuta, anagonga waya, na hajui kurudi nyuma hatua moja.

Kwa vifaranga, funga waya wa nusu inchi sentimita 40 za chini, ndani ya waya mkubwa. Waya mbili zikiachana kwa sentimita chache, paka hata akiingiza mkono hamfikii aliyelala.

Kuhusu siafu, hakuna waya wa kuwazuia. Majivu yaliyomwagwa kuzunguka nguzo yanasaidia, mradi yabadilishwe kila mvua inaponyesha.

MLIYOTUULIZA

Baba mmoja anauliza: "Niko na njiwa tu, kuku sina. Mimi pia nitafute nusu inchi?"
Baba, njiwa wakubwa hawapiti inchi 1. Lakini panya anakula mayai na makinda, na njiwa hawawezi kujitetea usiku. Kwenye viota weka nusu inchi, kwingine inchi 1 inatosha.

Mama anauliza juu ya bata.
Bata haruki sana na hachezi na waya, ila ana miguu laini. Msimpe sakafu ya waya. Majani makavu chini, na waya kwenye dirisha tu.

Kijana mfugaji wa kanga anasema kanga wake wanajigonga vichwa.
Mdogo wetu, kanga akishtuka anaruka wima kwa nguvu. Juu weka wavu laini wa uzi mnene uliokazwa, au uweke shitingi chini ya waya, kichwa kisikutane na chuma. Kware nao ni hivyo hivyo.

Bibi mmoja anauliza: "Sisi tunalala na kuku ndani, mbona hawaliwi?"
Bibi, shikamoo. Ni kweli hawaliwi, lakini kinyesi chao kinabaki mahali mjukuu anapotambaa na kupeleka mkono mdomoni, na kuhara kunaanzia hapo. Ndiyo maana tunasema hata kibanda kidogo chenye dirisha moja la waya mzuri, kikiegemea ukuta wa nyumba, ni bora kuliko chini ya kitanda. Ukilala utawasikia wakilia.

KILA MWISHO WA MWEZI

Banda likishasimama, lina kazi yake ndogo. Kila mwisho wa mwezi mzunguke na watoto. Sukuma waya kwa kiganja kila pembe. Ukilegea, ongeza msumari. Tazama kutu kwenye makutano. Tazama kama kuna udongo uliochimbwa. Tazama nyayo za ndege. Fagia, na baada ya kazi wote mnawe mikono kwa sabuni.

Na msisahau kwamba waya hauzuii kideri. Banda zuri kuliko yote kambini linaweza kubaki tupu kwa wiki moja kama kuku hawakuchanjwa. Chanjo ya tone la jichoni hurudiwa kila miezi 3 hadi 4. Zungumzeni na majirani mchanje siku moja, kwa sababu chupa moja inatosha kuku wengi na haikai baada ya kufunguliwa.

Kama una mita 1 tu ya pesa, nunua mita 1 ya waya wa kweli, uweke pale ndege wanapolala. Uzio wa mchana utasubiri mavuno. Na wenye koleo, brashi ya waya au sumaku, waazimeni wenzenu. Mtaa mmoja ukiwa na koleo moja nzuri, mabanda yote yatafungwa.

Mwezi ujao tutaandika juu ya chakula cha vifaranga wiki 3 za kwanza. Leteni maswali yenu kama kawaida. Mungu awalinde ninyi na mifugo yenu.